Mlolongo wa Susu

Juzi kiranja tuliyemtuma akatuombee mandazi aliingia kwa mwalimu mkuu na kutoka na githeri, mahindi na maharagwe yale yale, ya muhula mzima. "Nimewawakilisha," akasema, huku mdomo ukinuka mandazi. Tulicheka, lakini mimi nilikumbuka alasiri moja kule kijijini kwetu, Tulia.

Wanawake wa mwethya, kundi la kulimiana kwa zamu, walikuwa wanaamua wachimbe matuta shamba gani kwanza kabla ya mvua: la Susu, nyanya yangu, au la Mama Mutua. Hawakumtuma mtu awaamulie. Kila mmoja alisimama nyuma ya yule anayemtaka.

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya Susu. Lakini uji wa wimbi ulikuwa ukichemka upande wa Mama Mutua, nami nilidhani foleni ni ya uji. Nikatoka mbio. Mama akanifukuza, akanikamata kule kule, na mwenye kuhesabu akawa amefika.

"Kumi na mmoja! Kwa Susu ni kumi."

"Mimi si wa hapa!" mama akalia.

"Kwani umesimama wapi?"

Wanawake wakacheka hadi wakashika viuno.

Mvua ilikuja kabla ya zamu ya Susu, ikabeba udongo wake. Lakini siku ile ya mlolongo Susu hakunichapa. Alinipa kikombe chake akasema, "Kunywa, mpiga kura wangu."

Susu hayuko tena. Ningerudishiwa mlolongo ule, ningesimama nyuma yake nisitingishike, hata uji ufurike.