Nilivyofuata Saundi Kadi Urambo

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya hayakumpata rafiki yangu wala binamu ya jirani. Yalinipata mimi, mchana kweupe, jua linawaka, na hadi leo nikiyakumbuka mate yananijaa kama mtu anayetaka kutapika.

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Nina chumba pale Ng'ambo, Tabora mjini. Watu wananiletea kaswida, kwaya, hotuba za harusi, nami nazishughulikia kwenye kompyuta mpaka zisikike vizuri. Siku moja akaja dada wa Ulyankulu, Spesioza, na rekodi ya kwaya ya kanisani kwao. Aliyeongoza wimbo alikuwa marehemu mama yake. Sauti nyingine ya mama huyo hakuwa nayo.

"Kaka, humu ndani ni kama kuna chapati zinakaangwa," akaniambia. "Niondolee hizo kelele, nimsikie mama."

Shida ni kwamba kompyuta yangu nayo ilikuwa inakaanga. Nikivaa hedifoni sijui kelele ipi ni ya rekodi, ipi ni ya mashine. Na hedifoni zangu ni zile nzito za studio, zinataka nguvu ya kuzisukuma. Sauti ilikuwa inazifikia imeshachoka. Nilihitaji saundi kadi ya maana, kile kifaa cha kutolea sauti kwenye kompyuta. Nikauliza kwenye kundi la mafundi sauti kwenye simu. Wee! Wakagombana siku nzima. Huyu anasema nunua ya kuchomeka ndani ya kompyuta, yule anasema humo ndani kuna feni na umeme wa kila namna, uchafu wote unaishia masikioni, bora ya nje, kijisanduku cha kuunganisha kwa waya. Nikaelemea upande wa kijisanduku. Ndipo mtu mmoja akaniandikia pembeni: anacho cha daraja la juu kabisa, yuko Urambo, nije na hedifoni zangu nisikilize kabla ya kununua. Wewe ungekataa?

Nikapanda basi la asubuhi. Mke wangu, Zuhura, aliniambia tu niangalie nisiuziwe kitu feki.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Yule bwana alikuwa wa makamo yangu, shati limepigwa pasi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye masikio, kwenye joto lile! Kabla sijafungua mdomo akasema, "Marahaba." Shikamoo yenyewe sikuwa nimeitoa. Chumba kilinuka tumbaku, na chini ya tumbaku kulikuwa na harufu nyingine, kama kitambaa cha jeraha kilichosahaulika siku nyingi.

Kijisanduku kilikuwa mezani, kizuri, cheusi, kinang'aa. Nikachomeka hedifoni. Akanivalisha yeye mwenyewe, akaniweka sawa sikio la kushoto kwa kidole chake. Kidole kilikuwa kimelowa. Nilitaka kukifuta palepale, nikaona aibu.

"Yamekushika vizuri?" akaniuliza.

Nikadhani ulimi umemteleza, alitaka kusema zimekushika, yaani hedifoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka ile rekodi ya Spesioza, nilikuwa nimekuja nayo. Niamini, sijapata kusikia kitu kama kile. Kelele za mashine hakuna. Mama wa watu anavuta pumzi kabla ya kuimba, unasikia na midomo yake inavyoachana. Machozi yalinilenga. Nikasimamisha wimbo ili nisikie ukimya wa kile kijisanduku, maana hapo ndipo saundi kadi inapojulikana.

Haukuwa ukimya. Kulikuwa na mtu anatafuna. Karibu, ndani kabisa ya sikio la kushoto, anatafuna kitu chenye utelezi kama mlenda, anakivuta kwa meno, anameza, anaramba midomo. Nikamtazama yule bwana. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, ananitabasamia.

Nikavua. "Kuna kelele humu," nikasema.

"Hebu nisikie."

Akavua kofia, akavaa hedifoni zangu. Hapo ndipo nilipoyaona masikio yake. La kulia kubwa, limejaa vinyweleo. La kushoto dogo, laini, lina tundu la hereni. Hilo lilikuwa sikio la mwanamke!

Akasikiliza kidogo, akazivua. Lile dogo likabaki kwenye sponji la hedifoni. Limeganda pale, linavuta uzi wa ute wa manjano mpaka kichwani kwake, na pale lilipotoka palikuwa na tundu jekundu, bichi, linapumua. Hakushtuka. Akalibandua kwa kucha, akaliramba upande wa nyuma kama mtu anayeramba stempu, akalibandika tena, akalikandamiza kwa kiganja.

"Samahani," akasema. "Hili halijashika bado. Yako wewe yamekaa vizuri sana."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimeinama kando ya bani natapika, na hedifoni nimezikumbatia kifuani, sijui kwa nini sikuziacha. Nilipofika nyumbani Zuhura alizichoma moto uani. Sponji lilinuka nyama.

Rekodi nilimrudishia Spesioza vilevile. Alilia, nikamwambia kompyuta imeniharibikia. Nani angenielewa? Tangu hapo hedifoni sivai, natumia spika, na kazi imepungua.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayetafuta saundi kadi: nenda dukani, fungua boksi mwenyewe. Hedifoni zako usimwazime mtu, hata kwa dakika moja. Na usikubali mtu akuvalishe.

Sikio langu la kushoto limekufa ganzi. Ukilifinya sisikii kitu. Daktari amechungulia ndani, anasema ni zima. Lakini asubuhi huwa lina unyevunyevu kwa nyuma, na tangu wiki iliyopita linacheza, kama jino la mtoto. Nalala chali siku hizi. Naogopa kuamka na kulikuta kwenye mto.