Nyota Iliyobanwa Mara Mbili

Kazini walimwita Bi Mbano, naye hakukasirika. Alikuwa fundi wa tovuti ya gazeti, na kazi yake ilikuwa kuzibana kurasa ziwe nyepesi, zifike upesi kwenye simu za wasomaji bila kuwamalizia bando. Nakala za kurasa hizo ziliwekwa kwenye seva zilizotapakaa miji mingi, kila msomaji akahudumiwa na iliyo karibu naye. Nyumbani nako alibana: nguo za familia nzima aliziingiza sanduku moja, mumewe akikalia kifuniko na kulalamika kwamba shati lake likitoka humo litamfaa mwanasesere.

Asubuhi moja aliona kurasa bado nzito. Akawasha mbano kwenye seva ya gazeti, akisahau kwamba zile seva za mijini nazo hubana. Kurasa zikabanwa mara mbili. Simu za wasomaji zikafumua mbano mmoja, zikadhani kazi imekwisha, zikaonyesha vurugu tupu.

Wa kwanza kupiga alikuwa shangazi yake, mjane asiyekosa kusoma ukurasa wa nyota.

"Mwanangu, nyota yangu leo ni alama za maswali na vijipembe vitupu. Ni heri hii au shari?"

"Ni kosa langu, shangazi. Nisubiri kidogo."

Akazima mbano wake, akashusha pumzi. Simu ikaita tena.

"Bado vijipembe!"

Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Nakala mbovu zilikuwa zimebaki kwenye seva za mbali, zinagawiwa kila aliyeomba. Akaziamuru zifutwe zote, huku mhariri amesimama nyuma yake.

"Wasomaji wanauliza kama siku hizi tunawaandikia majini," mhariri akasema.

Kurasa ziliporudi, akampigia shangazi. "Haya, soma sasa."

"Ya nini tena? Yule fundi cherehani aliyeniposa, kila siku nyota inaniambia subiri. Leo ilipokosa la kusema, nimeamua mwenyewe. Nimemkubali."

Bi Mbano akaitupia jicho nyota ya shangazi kwenye kompyuta. Ilisema: "Leo usithubutu kuamua jambo kubwa."

"Kwani nyota imesemaje?"

"Hakuna kitu, shangazi. Hongera sana!"

Akaufunga ule ukurasa haraka. Shangazi na fundi wake walioana, na mpaka leo ugomvi wao mkubwa ni sauti ya redio.