Kibanda cha Washinde

Jumapili iliyopita, hapa kwangu Kimbo, mpwa wangu, anayeniita Tata, yaani shangazi, alinijia na gemu ya mpira kwenye simu na uso wa kuomba.

"Tata, niwekee pesa kidogo tu nifungue sanduku. Nikipata straika mkali hakuna mtu atanifunga."

"Na usipompata?"

"Nafungua lingine."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Sikumpa, na alininunia mpaka saa ya chakula. Wewe rafiki yangu unazijua gemu za siku hizi. Kuingia ni bure, lakini ukishaingia kila mlango una kufuli, na aliyeiweka kufuli ndiye anayekuuzia ufunguo. Tena unalipa kwanza ndipo uone umenunua nini. Mtoto anaamini ameshindwa kwa sababu hajalipa, si kwa sababu hajajifunza. Watu huniambia dunia imebadilika, gemu za zamani hazikuwa hivyo. Mimi sikubali. Sanduku hilo nililiona Kamenu, Thika, nikiwa msichana, na nikapigana nalo.

Niliacha shule darasa la saba, mwaka ule tulipomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Tulibaki watatu: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu ambaye hata kufunga kamba za viatu alikuwa bado anajifunza. Ndugu walipokutana, mjomba alisema wazi: nikiwa na kazi ya kueleweka, watoto wakae nami. Nisipokuwa nayo, msichana atakwenda kwake Gitothua na mvulana kwa shangazi kule Nyahururu. Hakusema kwa ubaya. Lakini Nyahururu kwangu ilikuwa sawa na ng'ambo.

Kazi niliipata katika kibanda cha jirani yetu, watoto walikolipia kucheza gemu ya mpira. Kilikuwa chumba cha mabati chenye runinga mbili zenye mgongo mkubwa, na benchi la mbao lililong'aa kwa suruali za watoto. Asubuhi niliteka maji, nikainjika githeri, mahindi na maharagwe, nyumbani, kisha nikaenda kufagia na kupangusa pad, vile vifaa vya mkononi vyenye vitufe, ambavyo kila siku vilikuwa na mafuta ya mandazi. Kufikia adhuhuri mabati yalikuwa yamepata moto, chumba kikinuka jasho na maganda ya nanasi, na nje muuza mahindi akipepea jiko lake. Stima ikipotea, runinga zikazimika, kilio kilisikika mpaka barabarani.

Sheria ilikuwa ya vibanda vyote. Mwenye kibanda aliisema kama salamu: "Mshindi abaki, mshinde ainuke." Unashinda, unakaa uletewe mwingine. Unashindwa, unainuka, na ukitaka kurudi unalipa tena na kupanga foleni.

Halafu ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kibanda kipya. Ukuta wake ulichorwa wachezaji wenye misuli, spika ikapiga muziki kutwa, na mlangoni wakaweka beseni lililojaa karatasi zilizokunjwa. Unalipa, unachota karatasi. Ukibahatika, unacheza saa nzima. Karibu zote ziliandikwa "Jaribu tena." Watoto walijaribu tena hadi pesa za mkate zikaisha, wakarudi nyumbani bila kugusa gemu. Na bado kesho walikwenda huko huko. Benchi letu likabaki na wavulana wanne wakubwa waliokuwa wakifungana wenyewe kwa wenyewe.

"Huu mwezi ukiisha hivi, nafunga," jirani aliniambia. "Nitaweka duka la makaa."

Usiku huo sikula. Nilimwuliza kitinda mimba kwa nini hata yeye alikuwa amekoma kuja, ilhali mimi dada yake niko pale.

"Nije kufanya nini?" akasema. "Nikishika pad tu, nimefungwa, naambiwa inuka. Kule kwa beseni angalau sijui kama nitashindwa."

Neno hilo lilinikaa. Hawakufuata bahati. Walikuwa wamekimbia kuinuliwa. Gemu yetu ilikuwa nzuri, lakini sheria yetu ilimpa nafasi ya kujifunza yule tu aliyekwisha kujua.

Asubuhi nikamwomba jirani Jumamosi zote ziwe zangu. "Tugeuze. Mshinde abaki, mshindi ainuke. Anayeingia ndiye analipa, kwa hivyo wewe hupotezi kitu."

"Haiya! Unataka kulea washinde?"

"Nataka kujaza benchi."

Jumamosi ya kwanza walikuja wachache, ya pili wakaleta ndugu zao. Mtoto alifungwa, akakaa, akafungwa, akakaa, na mara ya nne unaona vidole vimeanza kuelewa. Kuna mjanja mmoja alijifungisha makusudi ili asiinuke, lakini benchi zima lilimzomea hadi akashinda kwa aibu. Kijana mmoja wa kibanda kipya alisimama mlangoni pake akipaza sauti, "Kibanda cha washinde! Kibanda cha washinde!" Watoto wetu walilipenda jina hilo. Wakaliandika kwa makaa juu ya mlango.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mjomba alifika, mkoba mtupu kwapani. Alikuwa amesikia kibanda kinafungwa, akaja kuwachukua watoto. Alisimama akitazama foleni iliyofika kwa muuza mahindi, na mdogo wangu wa kike akiipanga kama askari.

"Anko, unacheza ama unaziba mlango?" akauliza mtoto mmoja.

"Mimi nilikuwa winga wa kweli, kijana. Kwa nyasi." Akalipa, akaketi.

Kitinda mimba wetu akamfunga mabao manne. Mjomba akainuka, akijipangusa suruali.

"Keti! Keti!" benchi likapiga kelele. "Mshinde anabaki!"

Akaketi. Akafungwa na wa pili, na wa tatu, na msichana ambaye miguu yake haikufika chini. Akajifunga mwenyewe. Koti likavuliwa. "Ngai, hiki kitufe ni cha nini?" Mdogo wangu akamwinamia: "Hicho ni cha kupiga, Anko. Ngoja ufike karibu." Akangoja. Akapiga. Bao moja kwa bila, mpira ukaisha, na mabati yakatetemeka kwa shangwe. Mjomba alibebwa mabegani na wavulana wakubwa waliokuwa wametoka kumcheka.

Alitoka nje amelowa jasho. "Nilidhani unachezesha watoto," akaniambia. "Kumbe uko kazini. Hawa wawili wakae na wewe. Nitakuwa nikileta unga." Akaondoka na mkoba wake vile vile ulivyokuja.

Kibanda kipya hakikumaliza mwaka. Chetu kilidumu hadi dada yangu akamaliza chuo cha ualimu na kitinda mimba akawa fundi wa stima. Ukienda leo utakuta ghorofa. Benchi limekwisha kuwa kuni, jirani amelala kaburini, na watoto wa siku hizi hushindwa kila mmoja peke yake, kitandani, hakuna wa kumwambia keti. Hicho ndicho kinachoniuma. Lakini mwezi ule tulikula githeri chungu kimoja, sisi watatu, na hakuna aliyekwenda Nyahururu.