Mikwaruzo Kwenye Kasida

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alisubiri arobaini ipite, kisha akaja kwenye chumba chetu cha kurekodia, nyuma ya soko la Rumonge, akaketi kwenye kiti cha kaka yake bila kuniomba. Kwa miaka mingi mume wangu ndiye aliyepokea wateja. Mimi nilipanga maikrofoni na kusafisha sauti baada ya watu kuondoka. Shemeji hakuwahi kuliona hilo kuwa kazi.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, na mfumo wake ulikuwa umeliwa na virusi vya flashi za wateja.

"Hii ordinateri imekwisha," aliniambia. "Niipeleke Bujumbura, wanaume wataiangalia."

"Haiendi popote. Nitaiwekea Linux."

"Linux iko nini? Hata sijaisikia."

"Ndiyo maana nitaiweka mimi."

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, na ziko za aina nyingi. Kwanza nilichukua ile iliyojazwa programu za muziki, nikidhani kingi ni kizuri. Mashine ilielemewa. Kila nikifungua kitu, nilingoja mpaka chai ikapoa. Nikaifuta, nikachagua nyepesi, nikaongeza programu moja tu ya kurekodi. Kwa sababu ya umeme kukatika, kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Siku hizo tatu shemeji alizitumia kuwaambia watu sokoni kwamba nimeharibu mali ya marehemu.

Wakaja akina mama wa kasida kutoka Kigwena na matari yao. Walitaka kurekodi kabla ya Maulidi. Waliimba vizuri sana. Nilipowasikilizisha, katikati ya sauti zao mlikuwa na mikwaruzo, ta, ta-ta, kama mawese yenye maji yanapopata moto. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Mumesikia?" aliwaambia. "Mimi nilisema."

Mwalimu wao alikunja kanga yake mapajani. "Mama, sisi tulikuja kwa jina la bwana yako. Tutarudi Alhamisi. Kama iko hivi tena, tutatafuta mwengine."

Nilimchukia yeye, nikamchukia shemeji, na kwa aibu niseme kweli, nilimchukia hata marehemu kwa kuniachia ndugu yake.

Nikaanza kutafuta. Programu ina mahali pa kuchagua kompyuta ikusanye sauti kiasi gani kabla ya kuiandika, kama mtu anayejaza ndoo kabla ya kuibeba. Ndoo yangu ilikuwa ndogo mno, mashine ilikimbia huku na huko ikimwaga. Nikaiongeza. Mikwaruzo ikapungua, lakini haikuisha. Nikabadilisha waya, nikachomoa chaja, nikazima simu, nikazima feni. Kila mara nilirekodi sauti yangu nikihesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, na kila mara mikwaruzo ikasikika. Jumatano mchana nilizima wifi ya kompyuta. Nikahesabu mpaka mia. Hapakuwa na kitu, ila sauti yangu ya hasira. Nikaiwasha tena, ikakwaruza. Nikaizima, na nikabandika kipande cha karatasi juu ya kitufe chake.

Alhamisi walirudi. Mwalimu alivaa hedifoni akasikiliza kasida zote tano hadi mwisho, amekaza uso.

"Iko safi," alisema. "Murakoze."

Alinipa asante hiyo moja ya Kirundi, akavua hedifoni.

Alasiri ile ile shemeji alikuja na gunia. Akachomoa maikrofoni zote mbili. "Hizi alinunua kaka yangu."

"Chukua na kompyuta basi," nilimwambia.

Akaiwasha. Alikodolea macho kioo, akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Programu ya kurekodi iko wapi?"

Niliendelea kukunja nyaya. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaniita shemeji. Nilitundika waya wa mwisho ukutani. Akabeba gunia lake, kompyuta akaiacha, akaondoka.

Sasa narekodi kwa maikrofoni ya kuazima kwa dada yangu wa Muhuta. Wateja wanakuja, si wengi kama zamani. Nikikutana na shemeji njiani nikiwa na mtu, yeye humsalimia mtu huyo tu, amahoro, na kunipita. Nami siku zote nimeacha iwe hivyo.