Nafasi ya Evaline

Jina lililosomwa siku ile chuoni lilikuwa la Evaline, si la Letisia, na wote waliosoma nao wanalikumbuka hilo. Mwalimu Hermani, aliyesimamia ushirikiano kati ya chuo chao cha mifugo na chuo kimoja cha kilimo kaskazini mwa Ujerumani, alisimama mbele ya darasa akasema nafasi ni moja tu. Atakayekwenda atakaa huko mwaka mzima, atasoma na kufanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, kisha atarudi kumalizia stashahada yake. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wengi. Aliyewapita wote ni Evaline, na aliyemfuatia ni Letisia.

Letisia alipiga makofi hadi viganja vikawaka. Hakuwa anajifanya. Tangu mwaka wa kwanza yeye na Evaline walilala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu mmoja chini, na walipotaka kumsema mtu mbele yake walihamia Kiiraqw, lugha ya kwao, wakamaliza maneno yao huku wakimtabasamia. Letisia alikuwa binti wa Yoakimu, mkulima wa Masakta. Evaline alitoka Dongobesh, upande wa Mbulu, mtoto pekee wa mjane aitwaye Agatha.

Mwisho wa juma lile walikwenda wote wawili Dongobesh kumpa mama habari njema. Agatha aliwapokea vizuri, akawapikia ugali, akawawekea maziwa ya mgando, akasubiri washibe ndipo aulize kilichowaleta. Evaline akaeleza. Mama yake alisikiliza bila kumkatisha, mikono yake imetulia juu ya magoti.

"Huko Ulaya mtu akifa, anazikwa na nani?" akauliza.

Evaline akacheka. "Mama, siendi kufa. Naenda kusoma."

"Baba yako naye alipokwenda Mererani migodini hakusema anakwenda kufa. Alisema anakwenda kutafuta. Wenzake wakatuletea shati."

Kicheko kikakauka. Letisia akaangalia chini. Evaline alibembeleza, akaleta hoja moja baada ya nyingine: kwamba ni mwaka mmoja tu, kwamba kila kitu kinalipiwa, kwamba simu zipo na wataonana kila siku kwenye video. Agatha hakugomba wala hakupandisha sauti.

"Soma hapa hapa," akasema, "mahali ninapoweza kukufikia kwa miguu yangu mwenyewe. Nimebaki na wewe tu. Usinitoe roho."

Evaline angeweza kukaidi. Alikuwa mtu mzima, na karatasi zote angezisaini mwenyewe. Lakini watu wa kule hawamwachi mama wa namna ile, na Evaline hakuwa mtoto wa kumwacha. Wakiwa njiani kurudi, walipokaribia kushuka, akamgusa mwenzake begani.

"Nenda wewe, Leti. Kuliko nafasi iende kwa mtu nisiyempenda."

"Eva, hii ni yako."

"Ilikuwa yangu. Mimi nitachukua fildi yako."

Muhula ule wote walipaswa kwenda fildi, yaani mafunzo ya kazini, na Letisia alikuwa ameshapata mahali Hanang, chini ya afisa mifugo, na chumba cha kupanga mjini Katesh kwa Bi Sauda, mfanyabiashara wa vitenge. Mwalimu Hermani akabadilisha majina, hapa akamtoa huyu, pale akamweka yule. Agatha aliposikia kwamba binti yake atakuwa Katesh, alifurahi waziwazi. Alimpigia Letisia simu yeye mwenyewe.

"Asante mwanangu kwa kumwachia mahali pa karibu," alisema. "Mungu akutangulie huko uendako."

Letisia aliondoka. Shamba alilopelekwa lilikuwa la mume na mke wenye ng'ombe wengi kuliko ng'ombe wa kijiji kizima cha kwao, na baridi iliyomfanya avae nguo zake zote kwa pamoja. Siku za darasani alikwenda chuoni kwa baiskeli. Siku nyingine alikuwa zizini tangu alfajiri. Mama mwenye shamba alikuwa mtu wa maneno machache na alimfundisha kwa kumshika mikono. Alimfundisha hasa kuzalisha: kumjua ndama aliyekaa vibaya kwa kumpapasa, kumrudisha ndani na kumgeuza bila kumchana mama yake, kufunga kamba juu ya kifundo na kuvuta pamoja na uchungu wa ng'ombe badala ya kushindana nao. Letisia aliipenda kazi hiyo. Kila ndama alipotoka hai alimpiga picha akamtumia Evaline, naye Evaline akajibu kwa kumtumia picha ya mbuzi aliyekonda wa mtu fulani wa Mogitu na maneno, "Wa kwetu huyu, naye ana haki zake."

Mwezi wa Novemba Evaline alianza kulalamikia mvua. Alisema mlima hauonekani, umejifunika mawingu juma zima, na nguo hazikauki. Alisema Bi Sauda anampikia pilau, kwamba amenenepa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho, pilau na nguo mbichi.

Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba, mwaka 2023, Letisia alitoka kukamua akakuta simu imejaa. Kwanza aliona video: tope jeusi limeingia mjini na magogo, magari yamelala kifudifudi, watu wamesimama juu ya mabati wakipiga kelele. Akatambua mnara wa simu, akatambua barabara. Kisha akasikia sauti ya kaka yake, Alfredi, akihema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Leti, sisi Masakta tuko salama. Baba mzima. Mlima umeporomoka, umeshuka Katesh. Lakini Eva hatumpati. Tumepiga, haipatikani. Naenda huko sasa hivi."

Alipatikana siku kadhaa baadaye, upande wa chini wa mji, mbali na nyumba aliyokuwa amelala. Alizikwa Dongobesh, nyuma ya nyumba ya mama yake. Letisia aliyaona mazishi kwenye simu, picha ikikatika na kurudi, na kila iliporudi aliona migongo ya watu tu.

Alimpigia Mwalimu Hermani akilia, akasema anataka kurudi nyumbani. Mwalimu alimpa pole, kisha akamwambia ukweli wake.

"Ukirudi sasa, Letisia, hutaweza kwenda tena. Na wenzetu wataona hatuwezi kumaliza tulichoanza. Mwakani hawatachukua mtu. Utamzika mtu aliyekwisha kuzikwa. Vumilia."

Akavumilia. Mama mwenye shamba alimwashia mshumaa dirishani na kumpunguzia kazi, lakini Letisia aliomba arudishiwe kazi zote. Alimaliza mwaka wake. Alipata cheti kizuri. Chuo cha kwao kilimpokea kwa keki na picha ya pamoja, na Mwalimu Hermani akaisambaza ile picha kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo.

Kabla hajafika Masakta alishuka Katesh kumtafuta Bi Sauda. Alimkuta amefungua biashara upya kwenye kibanda, anatembea kwa kuchechemea, amemkalisha pembeni mjukuu wake Shamsia. Walisalimiana, wakalia kidogo, na Bi Sauda akaanza kusimulia kabla hajaulizwa, kama wanavyosimulia wote walionusurika.

"Nilikuwa nimeamka kuswali. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni malori. Kisha nyumba ikatikisika. Nikamnyakua huyu mtoto, nikapiga mlango wa mwenzio kwa ngumi. Alikuwa amefunga kwa ndani. Nikamwita, nikamwita: Letisia! Letisia, toka!"

Letisia akamtazama.

"Chumba si kilishikwa kwa jina lako?" Bi Sauda akasema. "Nilizoea hivyo tangu mwanzo. Siku za kwanza alikuwa ananisahihisha, baadaye akaacha, akawa anaitika tu. Basi nikamwita hivyo hivyo. Sijui kama alisikia. Maji yalikuwa yameshafika."

Hakusema kwa ubaya. Alimkaribisha chai. Letisia aliinywa, akashukuru, akaaga, na alipofika stendi akashindwa kukumbuka gari la Masakta linaegeshwa wapi, mahali alipopandia magari tangu utoto wake.

Alikaa majuma kadhaa kwa baba yake ndipo akapata nguvu ya kwenda Dongobesh. Agatha alikuwa amekaa nje, anapepeta maharage. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Letisia akakaa. Agatha aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki na maharage matupu.

"Ulikula vizuri huko?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hukuugua?"

"Sikuugua."

Agatha akatikisa kichwa polepole. "Mimi ndiye niliyemzuia. Watu wananiambia ni mpango wa Mungu, na padri ameniambia. Lakini mdomo uliosema asiende ni huu wangu. Nilimtaka karibu." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. "Yuko karibu."

"Mama, mimi ningekuwa..."

"Ungekuwa wewe. Ndiyo. Yoakimu ndiye angelia, na mimi ningepanda gari nikaenda kumpa pole, kisha nikarudi hapa kusubiri simu ya mwanangu kutoka Ulaya." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo. "Sikulaumu, Letisia. Hukuiba kitu. Ila nikikuona namwona yeye amerudi na begi lake, na moyo wangu hauwezi. Usije tena."

Letisia alipiga magoti, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Mtu akisikia mpaka hapo atadhani muda ungetibu. Letisia naye alidhani hivyo. Alirudi chuoni, akamaliza fildi yake Mogitu, akahitimu. Ajira hakuna, wenzake wakatawanyika, huyu duka la dawa za mifugo, yule bodaboda. Alfredi alimwambia awaandikie Wajerumani, huenda wangemchukua tena. Hakuwaandikia. Hatimaye akaomba kujitolea kwenye ofisi za mifugo, mahali popote watakapomweka, ili asisahau kazi. Walimweka kata ya Dongobesh. Aliyepanga majina hakujua lolote, na Letisia hakuona namna ya kulieleza jambo lile kwa mtu aliyeketi nyuma ya meza. Aliomba kubadilishwa. Akaambiwa anayejitolea hana uhamisho, akitaka aache.

Hakuacha. Baba yake alimwita arudi kulima, naye akajibu kwamba atakuja, hakwenda. Bwana Yohanes, afisa mifugo wa kata, alikuwa mtu mwema aliyekaribia kustaafu na magoti yake yalimsumbua, kwa hiyo kazi za kutembea zilikuwa za Letisia. Wafugaji walimwita daktari. Alijua nyumba ya Agatha ni ipi, na alikuwa anazunguka kwa njia ya mlimani ili asiipite. Jumapili alisali kigango cha mbali.

Asubuhi moja ya mwaka huu, Nikolausi, jirani yake Agatha, alikuja ofisini mbio.

"Daktari, twende. Ng'ombe wa Mama Evaline ana uchungu tangu jana. Ndama amekwama."

Bwana Yohanes alikuwa ameitwa wilayani, Mbulu. Letisia alichukua kamba, sabuni na ndoo, akakimbia. Alipofika kwenye ua alimwona ng'ombe amelala ubavu, na kilichotokeza nyuma kilikuwa kwato mbili, nyayo zimetazama juu. Miguu ya nyuma. Aliijua hali hiyo kama anavyojua kufunga kamba za viatu vyake. Agatha alikuwa amesimama langoni mwa zizi, ameshika mti wa lango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Nimemwita mimi," Nikolausi akasema. "Mama Evaline, ng'ombe anakufa."

"Mama, niruhusu," Letisia akasema. "Nikimpata sasa hivi ng'ombe atapona. Huenda na ndama. Nimeifanya kazi hii mara nyingi."

"Uliifanyia wapi?"

Letisia alianza kukunja mikono ya shati lake.

"Nimekuuliza. Ulijifunza wapi?"

"Ujerumani, mama."

Agatha alimtazama mikono, ile mikono iliyoshika kamba, akaitazama kwa muda.

"Basi," akasema. "Rudi."

Nikolausi alibisha, majirani wakasogea, mmoja akasema mama huyu amechanganyikiwa, asukumwe pembeni. Letisia akawazuia. Alisimama nje ya ua na ndoo yake. Mwishowe wanaume wakafunga kamba yao wenyewe wakavuta, wakavuta vibaya, kwa pupa, wakati ng'ombe amepumzika. Naye akiwa nje aliwapigia kelele wasubiri, wavute chini, wasubiri. Hakuna aliyemsikia. Ndama alitoka amekufa. Ng'ombe hakusimama tena, na kabla ya jioni wakamchinja.

Bwana Yohanes aliporudi alishangaa. "Ungeingia tu," alisema. "Ni mnyama, na ni kazi yako. Angekuja kukushukuru."

"Nisingeingia," Letisia akasema.

Alivisafisha vifaa vyake ingawa havikuguswa, akavianika. Kesho yake alikuwa na chanjo ya kuku upande wa pili wa kata, na alikwenda, kwa ile njia ndefu ya mlimani. Yupo hata sasa. Mwalimu Hermani humpigia simu kila mwaka, wakati wa kuchagua mwanafunzi mwingine wa kwenda, akimwomba aje awaambie vijana jinsi ilivyokuwa. Simu huita mpaka ikakatika.