Mkono wa Birika la Bibi

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika mjini, mie nilikuwa mchoraji katika kiwanda kidogo cha plastiki pale Mtoni. Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi, na binti yake ndiye aliyeleta kompyuta ya kuchorea. Tulikaa meza moja, tukawa kama ndugu.

Nilikuwa nikiishi na bibi yangu, ambaye vidole vyake vilishapindwa na baridi yabisi. Kila alipotawadha, birika lilimponyoka. Siku moja nilimsimulia binti yule.

"Mlete," akasema. "Tumtengenezee lenye mkono unaomfaa."

Bibi akaja na baibui lake la kutokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nifanye nini?"

Tukampa donge la nta laini alishike kama anavyoshika birika. Alilibinya, akacheka kuona vidole vyake vimejichora.

Tulilipima donge nukta kwa nukta, tukaziingiza kwenye kompyuta. Ikaziunga kwa pembetatu ndogondogo, kama wavu uliovishwa juu ya kitu. Tumbo la birika tulikuwa tumelichora kwa njia nyingine: umbo kamili, lenye unene wake. Kila tulipojaribu kuunganisha tumbo na wavu huo wa mkono, kompyuta ilikataa. Wavu wetu ulikuwa ngozi tu, hauna nyama ndani.

"Una tundu mahali," binti yule akasema. "Tukiuziba, utakubali kuwa umbo kamili."

Tukaugeuzageuza kwenye kioo cha kompyuta. Umeme ulipokatika, tulikunywa chai na kusengenya. Tundu tulilikuta pale kilipokaa kidole gumba: pembetatu mbili hazikugusana. Tukaziba, tukaujaza wavu, tukaagiza viungane. Vikaungana. Mwenzangu alinishika mkono.

Mafundi walipochonga kalibu ya kumiminia plastiki na birika la kwanza likatoka, nilimpelekea bibi nyumbani. Alilijaza maji, akatawadha taratibu mpaka miguuni.

"Halinikimbii," akasema.

Wazee wenzake walilijaribu pia. Wengine liliwafaa, wengine wakasema linawabana, na mwenye kiwanda akatengeneza machache tu.

Bibi akaagiza binti yule aje Ijumaa. Alimpikia samaki wa kupaka, wakakaa mkekani wakizungumzia maumivu ya magoti ya mama yake binti, mie nikiosha vyombo.