Sauti ya Pili ya Kalunde

Kalunde wa Kilonzo alikuwa na sauti ya pili, ile inayokaa chini ya sauti ya mwenye wimbo na kuubeba kama ngata inavyobeba mtungi. Kwao Mutomo, kwaya ya kanisa ilijaa waimbaji wa sauti ya kwanza, kila mmoja akijiona malaika. Wa kuwashikilia wasianguke alikuwa yeye.

Mutunga alimsikia Jumapili moja akamwoa kabla ya mavuno. Mutunga alikuwa na gitaa na bendi, na tusidanganyane, alichooa ni ile sauti. Wazee wa kanisa walimtenga Kalunde kwa kuimba mahali penye pombe. Yeye hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nyimbo za Mutunga zilitaja watu. Akikuimba, anakuita kwa jina lako, jina la baba yako na soko lako, halafu Kalunde na vijana wawili wanaitikia kwa Kikamba, "Ni w'o, ni w'o," yaani ni kweli, ni kweli. Walimwimba mwenye duka mmoja, Ndululu, kwamba alimpokonya mwenzake mume. Ndululu alifunga duka akahama, na Kalunde akacheka mpaka akashika mbavu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Lakini Mutunga alikuwa na ustaarabu wake mmoja. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa msamaha: rudi nyumbani, fulani, yamekwisha. Aliyeimbwa akiusikia huo, hata kama amehama, angeweza kwenda sokoni tena. Kila mtu alijua hivyo; ukitajwa, unainamisha kichwa na kungoja mwisho.

Sasa, Kalunde alikuwa amezika watoto wawili ambao hawakuwahi kulia. Wa kwanza, msichana, alimpa jina: Ndanu. Kwao mtoto wa namna hiyo hapewi jina, kwa hiyo alimwambia Mutunga peke yake, jikoni, na Mutunga akamshika mkono. Wakati huo Kalunde alimpenda mumewe kuliko siku zote.

Mwaka wa sabini na tisa waliitwa Nairobi, studio moja ya River Road, kurekodi santuri.

"Kuna wimbo mpya," Mutunga alimwambia. "Wewe itikia tu vile tumezoea. Maneno nitaweka mimi."

Kalunde hakushangaa. Mutunga alificha maneno yake kichwani siku zote, asije akaibiwa na bendi nyingine. Ngoma ikaanza, gitaa likaingia, na Mutunga akafungua kinywa: "Kalunde wa Kilonzo, wa soko la Mutomo."

Masikini, alitabasamu. Alifikiri anasifiwa. Akaitikia, "Ni w'o," kwa utamu ambao hajapata kuutoa kanisani.

Ubeti wa pili ukamwita mtungi uliopasuka. Akaitikia, sauti ikitangulia akili. Ubeti wa tatu ukasema Ndanu alichungulia, akaona mama mwenyewe ni huyu, akakataa kuzaliwa. Vijana wawili waliokuwa naye kwenye maikrofoni wakatazama sakafu. Nyuma ya kioo fundi akainua kidole gumba.

Angeweza kunyamaza. Alitaka kunyamaza. Lakini ubeti wa msamaha ulikuwa njiani, na akiharibu wimbo sasa, msamaha hautaingia kwenye santuri, na watu watasikia matusi peke yake. Kwa hiyo aliitikia vizuri, machozi yakimwingia mdomoni, ili msamaha umkute amesimama. Halafu magitaa yakachukua wimbo, yakakimbia nao mpaka mwisho.

"Na ule ubeti wa mwisho?" akauliza.

Mutunga alikuwa akifuta nyuzi za gitaa. "Santuri imejaa," alisema. "Na watu wamechoka na mambo ya msamaha. Iko tamu vile iko."

Walipofika nyumbani, Kalunde alimkuta mwanamke mwingine, Ndila, jikoni kwake, tumbo la mimba mbele, akikoroga sufuria yake. Ndipo alipoelewa wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani.

Ulivuma vibaya sana. Watoto waliuimba wakichunga mbuzi, na mzee Kilonzo, ambaye kosa lake lilikuwa kumzaa, aliacha kwenda sokoni. Kalunde alikimbilia Mtito Andei, akaosha sahani kwenye hoteli ya madereva wa lori. Alijiita Syombua. Hata huko wimbo ulipigwa asubuhi mpaka jioni, naye akisugua masufuria aliisikia sauti yake mwenyewe ikikubali.

Miaka ikapita. Siku moja Mutunga akasimama mlangoni pa jikoni, amekonda.

"Watu wanakutaka wewe," alisema. "Ndila hawezi hiyo sauti. Wanatuzomea."

Pole hakuleta, hata ya uongo. Ningependa kusema Kalunde alimmwagia maji ya masufuria. Alivua aproni akaenda naye. Alikuwa na hamu ya kuimba, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo, dunia nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo mtoto wake aliitwa kwa jina.

Walipiga muziki mjini Kiboko, mchana, uwanja umejaa. Ubeti wa tatu ulipofika, umati wote ulipaza sauti: Ndanu! Kalunde akashuka chini ya jina hilo, akalibeba, akalishikilia kupita kipimo cha wimbo, hata Mutunga akamtolea macho. Hakumjali. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma kama jeraha.

Wimbo ulipokwisha, mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alimletea soda.

"Mwaitu, hiyo sauti yako inanitoa machozi," alisema kwa heshima, kama anayesema na mama yake. "Lakini huyo Kalunde! Mwanamke gani huyo, hata mtoto anamkataa? Aliishia wapi?"

Kalunde alikunywa soda kwanza. "Alikufa," alisema.

"Afadhali," yule mama akasema, akamweka mtoto wake vizuri mgongoni. "Mtauimba tena?"

Kalunde akamwambia watauimba.